Diwani ya Muyaka na Tovuti ya Vijana

Mwaka uliopita shirika dogo la sanaa za vijana hapa Mombasa liliniomba niwe miongoni mwa watakaolijengea tovuti mpya. Mimi si fundi. Nilitakiwa kusahihisha Kiswahili cha kurasa tu. Kikao cha kwanza kilikwisha kwa mazungumzo ya rangi na picha, hadi binti mmoja, mshairi wao, aliponigeukia: "Mwalimu, na mashairi yetu ya kwenye tovuti ya zamani yako wapi?"

Hakuna aliyejibu. Aliyeijenga tovuti hiyo alikwishaondoka, ada ya seva haikulipwa, na tungo za miaka 6 zilikuwa zimetoweka.

Swali lile lilinirudisha kwa Muyaka bin Haji. Malenga huyu wa Mvita, aliyetunga enzi za Mazrui na kufariki yapata 1840, hakuacha kitabu. Beti zake zilibaki vifuani mwa watu, na kila mzee aliyezikwa alizikwa na sehemu yake. Katika miaka ya 1880, mmisionari Mwingereza W. E. Taylor alianza kuzikusanya. Husifiwa sana kwa kazi hiyo, nami simnyimi haki yake. Lakini aliyezijua tungo, aliyeziandika kwa hati ya Kiarabu na kuzieleza, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa aliyefariki 1890. Hata baada ya juhudi hiyo, diwani haikuchapishwa hadi 1940, William Hichens alipoihariri na kuitoa Johannesburg. Ilipita karne nzima tangu mtunzi afukiwe. Miswada ya Taylor imehifadhiwa SOAS, London.

Tungedhani intaneti imetuondolea adha hii. Haikutuondolea. GeoCities, iliyoanza 1994, iliwapa watu wa kawaida nafasi ya kujijengea kurasa bila malipo. Yahoo ikainunua 1999, na 2009 ikaifunga, mamilioni ya kurasa yakafutwa. Tim Berners-Lee, mwasisi wa wavuti, alikwishaonya tangu 1998 kwamba anwani njema ya ukurasa ni ile isiyobadilishwa. Ni wachache waliomsikiliza. Bahati yetu ni kuwa Internet Archive, iliyoasisiwa San Francisco 1996, ilikuwa ikinakili kurasa za watu, na tangu 2001 yeyote aweza kuzipekua. Huyo ndiye Sikujua wa zama hizi, ila hajui Kiswahili na hamuulizi mzee yeyote maana ya neno.

Humo tulipata tungo 19. Nyingi zilikosekana kwa sababu ya kuchekesha na kuliza: zilibandikwa kama picha, kwa mapambo ya maua pembezoni, na picha hazikunakiliwa. Basi tukarejea njia ya kale. Vijana waliketi ukumbini, kila mmoja akaghani alichokumbuka, mwingine akiandika. Ubeti mmoja ulitokea kwa sura mbili, zote zenye mizani kamili, na mtunzi mwenyewe hakuweza kuapa ipi ni yake. Tuliziweka zote mbili.

Fedha zilizotengewa picha mpya zilihamishiwa kwenye kazi hii, si bila manung'uniko. Sasa kila shairi limeandikwa kwa maandishi halisi, lina jina la mtunzi na tarehe, lina anwani yake ya kudumu, na nakala ya karatasi huwekwa kabatini kila mwaka. Mambo haya hayapendezi machoni mwa wafadhili. Niliyapigania hata hivyo.

Shairi la yule binti lilipatikana, lakini ubeti wa mwisho haukuwapo, wala hakuukumbuka. Nikamshauri atunge mwingine mahali pake.

"La, Mwalimu," akasema. "Nililitunga nikiwa na miaka 15. Nikiukamilisha leo, atakayesema ni mtu mwingine."

Ukurasa wake una beti 4, na chini yake pengo.