Nani Alipokea Malipo? Madai ya Agano na Shetani katika Nyanda za Kati

Katika mikutano ya maombi ya Dodoma na Singida limezoeleka fundisho moja: kwamba ukame wa Ugogo, njaa zake za mara kwa mara na umaskini wa watu wake ni matunda ya agano ambalo mababu walilifunga na Shetani kwenye madhabahu za mvua, na kwamba nchi haitapona mpaka wajukuu walivunje. Wengi wanaolihubiri ni watu wa imani ya kweli, wanaoumizwa na dhiki ya waumini wao, na sina sababu ya kutilia shaka nia yao. Lakini hili ni dai la historia. Linataja tendo lililofanywa na watu fulani, mahali fulani, kwa kutarajia malipo fulani, na dai la namna hiyo hupimwa kwa ushahidi kama madai mengine yote. Nikilipima kwa yale yaliyoandikwa kuhusu nyanda za kati, naliona halisimami. Makubaliano ya siri na ya hadharani yamo tele katika kumbukumbu za nchi hii, mengine ya heri na mengine ya damu. Ila kila tunapofuatilia nani alipokea malipo, tunamkuta binadamu.

Hadithi ya mtu kumuuzia Shetani nafsi yake ina kwao. Kisa kilichoenea kuliko vyote katika Ukristo wa kale ni cha Theophilus, mtunza mali wa kanisa la Adana, katika Uturuki ya leo, ambacho kimewekwa katika karne ya 6. Alipoondolewa kazini na askofu mpya, alimwendea mchawi mmoja, akamkana Kristo kwa maandishi na kutia muhuri, akarudishiwa cheo; kisha akajuta, akamlilia Bikira Maria, na hati ikachomwa moto. Paulo Shemasi wa Napoli alikitafsiri kwa Kilatini katika karne ya 9, kikazunguka Ulaya nzima, na kitabu cha Faust kilipochapishwa Frankfurt mwaka 1587 wasomaji walikwisha kuizoea sura ya mkataba huo: mtu mmoja, peke yake, kwa faida yake, kwa hati. Jambo moja la kisa cha Theophilus hutajwa kwa haraka mno nalo ndilo lenye uzito: yule mchawi aliyemfikisha kwa Shetani anaelezwa kuwa ni Myahudi. Tangu mwanzo, basi, hadithi hii ilibeba kidole cha kumnyooshea jirani asiyependwa.

Wanatheolojia waliipanua. Agostino alikwisha kufundisha kwamba ramli na hirizi ni lugha ya kupatana na pepo, na Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, akatofautisha mapatano ya wazi na mapatano ya kimyakimya: mtu anaweza kuwa amepatana na pepo bila kutamka neno, kwa kutumia tu njia ambayo haina nguvu yake ya asili. Mwaka 1398 kitivo cha teolojia cha Paris kiliitumia hoja hiyo kulaani uganga wa aina nyingi. Fundisho la Dodoma kuhusu mababu limesimama juu ya hoja hiyohiyo, hata kama wanaolihubiri hawajawahi kumsikia Tomaso. Hakuna anayeonyesha hati, hakuna anayetaja siku wala mashahidi. Agano linadhaniwa kuwapo kwa sababu tambiko lilikuwapo. Hoja ya namna hii haiwezi kukanushwa kwa ushahidi wowote, na hapo ndipo mwanahistoria anapopaswa kuanza kuwa na wasiwasi nayo.

Tambiko lenyewe lilikuwaje? Mtemi wa Kigogo hakuwa mfalme mwenye jeshi. Alikuwa mlinzi wa nchi, mwenye mawe ya mvua aliyoyarithi katika ukoo, na kazi yake ilikuwa kusimamia ibada za mvua, mbegu na afya ya watu na mifugo. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, anaeleza ibada hizo kuwa ni za nchi nzima: zilifanyika kwa kujulikana, kwa mnyama aliyetolewa kwa ajili ya wote, na mizimu iliombwa kwa sababu iliaminika kuwa karibu na Mulungu. Hapa hakuna hata kipengele kimoja cha mkataba wa Theophilus. Hakuna upweke, hakuna siri, hakuna faida ya mtu binafsi, hakuna kumkana yeyote. Mtemi ambaye mvua ilimkatalia hakuwa na Shetani wa kumsingizia. Alidaiwa na watu wake. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, aliandika juu ya historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, na miaka tisa baadaye akatoa utenzi wa Injili. Mtu yuleyule aliihifadhi mila na kuitungia Injili mashairi, na nashangaa kwamba wanaozungumzia urithi wa kiroho wa Ugogo hawamwiti kutoa ushahidi.

Na njaa? Dodoma hupata takriban milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Katika nchi ya namna hiyo msimu mmoja mbaya ni shida, na misimu miwili ni balaa. Njaa kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za Wagogo, Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, haikuletwa na mvua peke yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia majeshi ya Wajerumani, na baada ya Julai 1916 ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na maelfu ya wanaume wa kubeba mizigo. Ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba ya Mgogo, na vijana ndio waliokuwa jembe lake. Ukame ulipokuja ulimkuta hana kimojawapo. Kuwaambia wajukuu wa waliokufa kwamba babu zao walijiletea kifo kwa agano ni kuwatwisha wafu deni, ilhali wao ndio waliodhulumiwa. Haiti ilifanyiwa vivyo hivyo Januari 2010, pale mhubiri wa Marekani Pat Robertson aliposema, wakati maiti bado ziko chini ya vifusi vya tetemeko, kwamba watumwa wa nchi ile walipatana na Shetani ili wawashinde Wafaransa.

Fundisho hilo halikuletwa hata na wamisionari. Waliofungua kituo Mpwapwa mwaka 1878, na Waaustralia waliokuja na Askofu George Chambers mwishoni mwa miaka ya 1920, hawakuhubiri habari za hati. Uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ulidai mtu aungame dhambi zake mwenyewe na kurudisha alichoiba. Mahesabu ya mikataba ya mababu yalikuja baadaye sana.

Kesi inayostahili kutuchelewesha ni ya Singida. Mwaka 1946 na 1947, katika nchi ya Wanyaturu, miili ya watu iliokotwa ikiwa na majeraha kama ya makucha. Mwanzoni ilidhaniwa ni simba, na katika pori lile dhana hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa. Baadaye serikali ya kikoloni ikaridhika kwamba wauaji walikuwa watu. A. W. Wyatt, ofisa wa serikali hiyo, aliandika juu ya simba watu hao katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950, na makala yake haisomwi tena ilivyostahili. Maelezo yaliyoaminiwa na serikali yalikuwa haya: kulikuwa na watu walioitwa mbojo, waliofichwa, wakafunzwa kuua wakiwa wamevaa ngozi ya simba, na mwenye kumiliki mbojo aliwakodisha kwa mtu mwenye adui. Watu walishtakiwa kwa mauaji ya kawaida, na wengine wakahukumiwa kunyongwa. Mahakama haikuhitaji kumjadili Shetani ili kupata mkodishaji, mkodishwaji na aliyelipa.

Maelezo hayo hayakupita bila ubishi. Harold Schneider, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyaturu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliirudia habari hiyo mwaka 1962 na tena baadaye, akaiweka ndani ya ugomvi wa wanaume na wanawake katika jamii ile, ambamo wanawake walishukiwa kuwa ndio wenye mbojo. Namsoma Schneider kwa uvumilivu mkubwa kuliko ninavyomsoma Wyatt. Ofisa wa serikali alikuwa na sababu ya kutaka genge lenye viongozi na bei, kwa kuwa genge hushtakika. Mtafiti aliuliza hofu hiyo ilitoka wapi, na kwa nini ilimwelemea mwanamke. Lakini hata wakitofautiana hivyo, wote wawili wanabaki katika uwanja wa wanadamu: kwa Wyatt kuna biashara, kwa Schneider kuna chuki ya nyumbani na woga wa mali. Maelezo ya tatu, yanayosikika siku hizi, kwamba Singida palikuwa na agano la kuzimu lililodai damu, hayaongezi jina hata moja, wala tarehe, wala sababu. Yanapunguza. Yanamwondoa jukwaani aliyetoa malipo na aliyeyapokea.

Anayepinga atanikumbusha maneno ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 10, kwamba vinavyotolewa sadaka na mataifa hutolewa kwa mashetani. Ni pingamizi la haki. Lakini Paulo anawaonya walio hai wasishiriki meza mbili. Hasemi kwamba wajukuu wanarithi deni, na Ezekieli 18 inalikataa jambo hilo waziwazi. Atasema tena: mbona wapo wanaokiri wenyewe kwamba walitia saini kwa damu? Wapo, na wamekuwapo siku zote. Hata hati zimewahi kutolewa: huko Loudun, Ufaransa, mwaka 1634, padre Urbain Grandier alichomwa moto baada ya mahakama kuonyeshwa hati yenye sahihi za mashetani. Daktari Johann Weyer alikwisha kuandika mwaka 1563 kwamba mkataba wa namna hiyo ni batili na ni ndoto, na kwamba wanaoungama wanahitaji tiba kabla ya hukumu. Sijaona hoja yake ikijibiwa vizuri. Nchini Kenya, Rais Moi aliunda tume mwaka 1994 chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza ibada za Shetani. Ripoti iliyofikishwa bungeni mwaka 1999 ilijaa ushuhuda wa kutisha, na ushuhuda ukabaki ushuhuda.

Kidole cha Adana nacho hakijashuka. Uvumi wa Freemason ulipotanda Tanzania miaka ya 2010, mzungumzaji wao mkuu alikuwa Andy Chande, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi aliyekulia Bukene, mkoani Tabora. Utajiri wake ulisemwa ni wa kafara. Lakini habari za mali yake ziko wazi: familia yake ilikuwa na viwanda vya kusaga nafaka, vikataifishwa mwaka 1967, na yeye akakubali kuliongoza shirika la umma lililovirithi. Wakati kidole kinanyooshewa mtu kama huyo, biashara ya kweli ya damu inaendelea kwingine. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoikumba Kanda ya Ziwa kuanzia 2007, serikali ilifuta leseni za waganga mwaka 2009, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Hao walikuwa watendaji. Mganga aliyetaja bei na tajiri aliyeilipa hawakuonekana kizimbani, na kila mahubiri yanayosema mnunuzi alikuwa Shetani yanampa tajiri huyo usiku mwingine wa usingizi.