Kutoka Waraka hadi Darasa la Kazini: Elimu ya Usawa katika Ajira, Dar es Salaam, 1961–2010

Insha hii inachunguza namna Dar es Salaam ilivyojaribu kujifunza kufanya kazi bila ubaguzi. Hoja yake ya msingi ni kwamba usawa ulitangazwa mara kadhaa kwa waraka na kwa sheria, lakini tangazo lisilofuatwa na mafunzo ya kudumu liliacha manung'uniko palepale yalipokuwa; na mafunzo yalipotolewa, yaliwalenga zaidi wenye ajira rasmi.

Chimbuko la tatizo limo katika ramani ya mji. Kanuni za ujenzi za kikoloni ziliugawa mji katika kanda tatu, nazo zikaja kujulikana kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja ulitenganisha Uhindini na Kariakoo, mtaa ambao jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mgawanyo huo uliingia kazini. Katika utumishi wa serikali, mishahara na vyeo vilifuata rangi, na Mwafrika alibaki ngazi za chini. Ndiyo maana TANU, iliyoanzishwa Kariakoo mwaka 1954, na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi (TFL), lililoundwa mwaka 1955, viliungana kuupinga ubaguzi huo.

Baada ya ubaguzi huo kukosa mtetezi, liliibuka swali la nani sasa ahesabiwe mwenzetu. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika pekee. Nyerere alipinga vikali, akatishia kujiuzulu. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi nao walidai nafasi zikabidhiwe Waafrika kwa haraka. Januari 1964, Nyerere alitoa waraka wa kusitisha upendeleo huo: tangu hapo raia wote wangepimwa kwa uraia wao, si kwa rangi. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito waliasi wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, na maduka ya Waasia na Waarabu mjini yakaporwa. Haitoshi kusema kwamba waraka ndio uliosababisha maasi. Hata hivyo, matukio hayo yanaonyesha umbali uliokuwapo kati ya msimamo wa Ikulu na fikra za mitaani. Serikali ilijibu kwa kuivunja TFL na kuunda NUTA chini ya mwavuli wake. Kwa hiyo, mahali ambapo mjadala ungeweza kuendelea palifungwa.

Miaka ya 1970 ilileta jaribio la pili, safari hii kuhusu cheo. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma Mwongozo kwa makini kuliko ilivyotarajiwa. Migomo ilifuata, mingi ikipinga lugha ya matusi ya mameneja, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda chenyewe. Mwaka huohuo serikali iliagiza elimu ya wafanyakazi itolewe mahali pa kazi. Hapa ndipo somo lilipokaribia kuwa la kudumu. Lakini mwenye mamlaka aliyelengwa na malalamiko ndiye aliyetakiwa kuliandaa darasa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipanua wigo: inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengineyo, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa fursa sawa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri angalau asilimia 3 kutoka kundi hilo. Lakini mbeba mizigo wa Kariakoo, mama lishe na mmachinga hawana mwajiri wa kuandaa mpango huo.

Inahitimishwa kwamba historia hii haikupungukiwa na matamko. Ilipungukiwa na darasa lisilofungwa mjadala unapokuwa mkali, na lenye nafasi pia kwa mpagazi, ambaye mtaa mzima ulipata jina kutokana na kazi yake.