Risasi ya Tembo Ilipofika Ziwani

Ndugu msikilizaji, mazungumzo ya wiki hii ni juu ya risasi. Siyo zile za majambazi, ambazo taarifa ya habari imekwisha kututosheleza, bali risasi za kuwindia tembo, na namna zilivyofika katika Ziwa Victoria hili hili tunalovua sangara.

Mwindaji wa zamani alikuwa na tatizo moja kubwa. Risasi ya bunduki ya kushindilia ilimjeruhi tembo bila kumwangusha. Tembo aliondoka nayo akafia mbali, au alirudi kumkanyaga aliyempiga. Katika miaka ya 1850 na 1860 wawindaji na mafundi wa Kiingereza wakajaribu njia nyingine: risasi yenye uvungu uliotiwa baruti, ikimpiga mnyama inalipuka ndani ya mwili. Samuel Baker, yule aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa na bunduki iliyorusha kombora la nusu ratili, yaani kama gramu 230. Yeye mwenyewe aliiogopa, maana ilipofyatuka ilimzungusha.

Majeshi nayo hayakulala. Mwaka 1863 Warusi walitengeneza risasi ya kulipua magari ya baruti ya adui. Mwaka 1867 wakaigeuza, ikawa inalipuka hata ikigusa kitu laini, kama vile mwili wa binadamu. Walipoona walichokizaa, wakaziita serikali nyingine St. Petersburg. Desemba 1868 mataifa hayo, Uingereza ikiwamo, yakakubaliana kuacha vitani risasi ya kulipuka yenye uzito wa chini ya gramu 400. Lakini tuyasome masharti yake vizuri: mkataba uliwafunga waliotia saini, tena wanapopigana wao kwa wao. Tembo hakutajwa, na mtu wa Bumbire hakutajwa.

Bumbire ni kisiwa cha upande wa magharibi wa ziwa, Mkoa wa Kagera. Henry Morton Stanley, aliyetumwa na magazeti mawili, moja la New York na moja la London, alifika Kageye, si mbali na Mwanza, mwishoni mwa Februari 1875. Machi akaanza kulizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice. Tarehe 28 Aprili akatia nanga Bumbire kutafuta chakula. Wenyeji wakaivuta mashua hadi nchi kavu na kuchukua makasia. Watu wake walipofanikiwa kuisukuma majini, wakang'oa mbao za mashua wapigie kasia. Mitumbwi ikawafuata. Stanley akaishika bunduki yake ya tembo, akaitia risasi za kulipuka. Kwa hesabu yake mwenyewe, risasi nne ziliua watu watano na kuzamisha mitumbwi miwili.

Ya Aprili mimi naweza kuyaelewa. Aliyenyang'anywa makasia ana hofu ya roho yake. Ya Agosti siyaelewi. Tarehe 4 Agosti alirudi makusudi kuwaadhibu, safari hii akiwa na kundi la mitumbwi na bunduki za Snider. Risasi za Snider zilibuniwa na Kanali Edward Boxer katika karakana ya serikali huko Woolwich, zikaanza kutumika miaka ya 1866 na 1867: baruti, fataki na kichwa vyote katika ganda moja la shaba, nacho kichwa kina uvungu kwenye ncha. Askari alifyatua mara kadhaa kabla mwenye gobore hajamaliza kushindilia mara moja. Watu wa Bumbire walikuwa na mikuki, mishale na mawe ya kombeo. Stanley alibaki majini, akapiga kutoka mbali. Waliokufa walikuwa makumi.

Barua zake zilipochapishwa mwaka 1876, wapo Waingereza waliopiga kelele, akiwamo Kanali Henry Yule, aliyetaka Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia imkemee. Kelele hizo hazikumzuia kupata sifa.

Mwaka 1899, huko The Hague, hoja ilikuwa risasi zinazopanuka mwilini, zile za karakana ya Dum Dum, India. Mjumbe wa Uingereza, Jenerali Ardagh, alizitetea kwamba mtu aliyemwita mshenzi akipigwa risasi ya kawaida haachi kusonga mbele. Ni maneno ambayo ungedhani anasemwa nyati! Risasi hizo zikakatazwa vitani, lakini porini zimebaki mpaka leo: ya ncha laini kwa swala na pofu, na ngumu isiyopanuka kwa tembo na kiboko, ili ipenye mfupa.

Na wenyeji wa huku ziwani walipata nini katika maendeleo hayo? Julai 1890, kwenye Mkataba wa Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa na risasi zake zisiuzwe kwa Waafrika, kuanzia Sahara hadi kusini ya Zambezi. Kilichoruhusiwa ni bunduki ya zamani ya gumegume na baruti yake ya kawaida. Ndiyo maana babu wengi wa Usukuma waliowinda kwa bunduki, waliwinda kwa gobore.