Kupiga Mguu Kitui na Makueni: Rada Yote ya Wewe na Mbogi Yako

Si lazima kila wikendi iishie kwa keja ya mtu na spika ya kuazima. Kama uko na mbogi ya wasee sita hivi, viatu poa na nauli, Ukambani kuna njia za kutembea zenye wengi hupita tu na basi wakikimbilia Pwani. Hii hapa rada: mahali pa kuenda, vile unafika, na vitu zenye zinaweza kukuharibia siku. Soma yote kabla utume kwa grupu.

Nzambani, Kitui

Kama nyinyi ni wageni kwa hii maneno, anzieni hapa. Nzambani ni jiwe moja kubwa sana lenye limesimama nje tu ya mji wa Kitui, upande wa Chuluni. Kuna ngazi za chuma za kukufikisha juu, na ukifika unaona Kitui imetandazwa chini yako kama mkeka. Stori ya wazee inasema ukizunguka hilo jiwe mara saba, mwanaume anageuka mwanamke, na mwanamke anageuka mwanaume. Kila mbogi hukosi msee mmoja wa kuapa atamaliza zote saba. Ukimwona raundi ya sita akifunga kamba za viatu polepole, jua ameanza kufikiria.

Kama kuna mtu anaogopa urefu, msimsukume. Akae chini alinde mabegi.

Museve, Kitui

Hiki ni kilima chenye msitu, karibu na mji pia. Ni fupi, ina kivuli, na inafaa kama mko na nusu siku tu. Lakini Wakatoliki wana mahali pa hija huko, kwa hivyo spika ibaki kwa begi. Mtu amekuja kuomba, wewe umekuja kupiga picha. Yeye ndiye mwenye siku.

Nzaui, Makueni

Hapa ndio miguu inajua haujui. Kilima cha Nzaui kiko upande wa Matiliku, na mwinuko wake hauna huruma. Kina historia pia: mwaka wa 1895 wamishonari wa Africa Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walianzisha kituo chao cha kwanza Kenya hapa Nzaui. Scott aliugua homa akafa Desemba 1896, hajamaliza hata miaka miwili. Makanisa ya AIC yenye unaona kila mtaa, mizizi yake ni huku.

Ukishuka msimu wa maembe, uko kwa watu wake. Kiwanda cha matunda cha kaunti kiko Kalamba, hapo upande huo huo.

Mbooni, Makueni

Kama umezoea kufikiria Ukambani ni jua na vumbi, nenda Mbooni. Kuna baridi, kuna ukungu asubuhi, na mashamba yamekatwa ngazi ngazi mpaka juu ya kilima. Wakamba wengi husema wazee wao walikaa hapa kabla ya kutawanyika sehemu zingine. Njia nyingi zinapita kwa shamba za watu, kwa hivyo salimia kila mtu, omba ruhusa, na usichume hata limau. Ukisaidiwa, sema "ni muvea". Hiyo ni asante, na itakufungulia milango mingi kuliko doo.

Kibwezi na Chyulu

Chyulu ni vilima vya volkano, na kwa miaka ya dunia bado ni vichanga: milipuko ya mwisho ilikuwa karne ya 19. Mvua ikinyesha huko juu haitengenezi mito. Inazama kwa mawe, inapita chini kwa chini, halafu inatokea kama chemchemi, kama Umani ndani ya msitu wa Kibwezi, na Mzima yenye hupelekea watu wa Mombasa maji.

Sasa skiza: msitu wa Kibwezi uko na ndovu na nyati. Hapa hakuna kuingia kienyeji. Panga mapema, lipia ruhusa, tembea na askari wa wanyama ama wa msitu. Kufika ni rahisi, treni ya SGR yenye husimama vituo vya kati inashukisha watu Emali, Kibwezi na Mtito Andei.

Msiache mtu

Hii ndio sehemu yenye nataka usiruke. Kuna siku tulipanda kilima huku tukiwa saba. Wenye mbio walienda mbele, mimi nikiwa mmoja wao, tukafika juu tukapiga picha. Kuhesabu, tuko sita. Tulimpata beshte yetu amekaa chini ya mti, maji yaliisha kitambo, ameacha kutoa jasho, anaongea vitu hazishikani. Tulimwekea kivuli, tukamlowesha nguo na maji yenye ilibaki, tukampepea, tukampeleka hospitali. Alipona. Lakini picha zote za siku hiyo nilifuta.

Kutoka hiyo siku, mbogi yetu iko na sheria:

- Mwenye ni pole ndiye anatembea mbele. Msee mwenye ana nguvu anafunga laini nyuma.
- Hesabuni watu kila mkipumzika.
- Kila mtu lita tatu za maji, yake mwenyewe.
- Anzeni saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano muwe mnashuka.
- Ambieni mtu amebaki nyumbani mnaenda wapi na mnarudi saa ngapi.
- Shukeni na taka zenu.

Nyoka nayo? Wako, hasa bafe, yenye hulala kwa njia bila kusonga. Vaa viatu vya kufunika kifundo, usitie mkono chini ya mawe. Mtu akiumwa, usikate, usinyonye, usifunge kamba. Toa pete na saa, mguu usisongeshwe, mbebeni mbio hospitali. Nambari za dharura ni 999 ama 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199.

Msimu poa

Mvua ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndiyo hugeuza Ukambani kijani. Enda Januari mapema, matope yameisha na majani bado yako. Agosti hadi Oktoba jua ni kali, jipange.

Mkimaliza, tafuteni kibanda mpige muthokoi na ndengu, mmelipa mama vizuri. Halafu hesabuni watu tena kabla mathree itoke.