Cheti Kilichochelewa Miaka 40

Ukipanda matatu Matuga kwenda Msambweni, utapita njia ya kuingia Gazi. Wengi wetu tunaijua kwa mikoko. Lakini Oktoba 1914 Wajerumani walifika hapo wakielekea Mombasa, wakazuiwa.

Katika vita vile, maradhi yaliua wapagazi wengi kuliko risasi, na madaktari hawakutosha. Mwaka 1917, kule Uganda, daktari G. J. Keane akaunda kikosi cha tiba cha Waafrika. Vijana wa shule, wengine wa Budo, wakafundishwa kuhudumia majeruhi na wagonjwa, kisha wakapelekwa vitani. Jeshi likaiamini mikono yao.

Vita vikaisha. Mafunzo yakaanza Mulago miaka ya 1920, yakakua hadi Makerere. Ila Baraza la Madaktari la Uingereza lilikuja kukitambua cheti chao 1957. Hesabu mwenyewe: miaka 40.

Mimi niliacha chuo, sina cheti, na bado sitakwambia karatasi ni upuzi. Mgonjwa ana haki ya kujua ni nani anayemshika. Lakini mtu uliyemwamini vitani, vita vikiisha mpe mtihani. Usimpe subira.