Vinasaba vya Moyo, Si Jaribio la Kijenetiki
Ugonjwa fiche wa msuli wa moyo ni ule ambao hitilafu imo tayari ilhali picha ya eko inaonyesha moyo wenye umbo la kawaida, na dalili yake ya kwanza huweza kuwa mapigo yaliyovurugika bila sababu kujulikana, kuzirai, au hata kifo cha ghafla cha kijana. Ndipo chanzo hutafutwa katika damu. Kipimo hicho kuitwa "jaribio la kijenetiki", kama baadhi ya waundaji wa istilahi wanavyong'ang'ania, ni kosa lisilostahili kufikishwa Kibera wala Kawangware, kwa kuwa jaribio ni tendo ambalo mwisho wake haujulikani, na mitaa iliyozoea kutembelewa na watafiti wenye hojaji ina haki ya kulishuku neno hilo, ilhali mgonjwa mwenyewe husema anakwenda kupimwa.

Istilahi ifaayo ni "kipimo cha vinasaba vya moyo". Wilhelm Johannsen wa Denmark alipobuni mwaka 1909 neno lililozaa "jeni", aliegemea mzizi wa Kigiriki wenye maana ya uzao na ukoo. Kiswahili kina nasaba, neno lenye asili ya Kiarabu na maana iyo hiyo, na kina kiambishi ki- cha kudogosha, hivyo kinasaba ni kitu kidogo kibebacho ukoo, maana ambayo sauti tupu ya "jeni" haimpi msikilizaji. Wanaoshikilia "chembe za urithi" wanasahau kwamba urithi hugawanywa mzee akishafariki, ilhali kinasaba hupokewa mimba inapotungwa.

Pingamizi moja tu lina uzito: Nairobi, kupima DNA ni kumtafuta baba wa mtoto, na nasaba yaweza kuwasha ugomvi uo huo. Kwa hiyo neno "moyo" lisidondoshwe kamwe kwa kisingizio cha ufupi. Hata hivyo ukoo ndio kiini cha jambo, kwani Bongani Mayosi wa Cape Town na wenzake walitambua mwaka 2017, kwa kuifuatilia familia moja ya Afrika Kusini, kwamba hitilafu katika kinasaba cha CDH2, chenye kuongoza uundaji wa protini inayoshikamanisha seli za msuli wa moyo, huweza kusababisha ugonjwa wa msuli huo.

Kwa matumizi, mhudumu wa afya ya jamii aeleze kwamba hitilafu ikipatikana, kila ndugu wa tumbo moja na kila mtoto wa mgonjwa kwa kawaida ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo, na kwamba jibu safi haliuondoi ugonjwa, kwa kuwa si vinasaba vyote vinavyohusika vimejulikana.