Kuiuliza Kompyuta Hali Yake: Safari Ndefu ya Programu Ndogo

Mtu akifungua dirisha la amri kwenye kompyuta yenye Linux na kuandika neno moja, majibu hutokea papo hapo: jina la mfumo endeshi, toleo la kiini chake, aina ya kichakataji, kumbukumbu iliyotumika, na muda ambao mashine imekaa bila kuzimwa. Programu inayotoa majibu hayo huwa ndogo mno, na ikiandikwa vizuri hukamilisha kazi kwa milisekunde chache. Wepesi huo umepatikana kwa miongo kadhaa ya kazi, na sifa yake kubwa inawaendea watu walioubadilisha mfumo wenyewe hadi ukaweza kueleza habari zake.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, mikononi mwa Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Mwanzoni ilikaa ndani ya mashine moja tu, PDP-7, na hapakuwa na sababu ya mtu kuuliza yuko kwenye kompyuta ipi. Sababu hiyo ilikuja baadaye, Unix ilipogeuzwa karakana ya waandishi wa programu ndani ya Bell. Toleo lililoitwa PWB lilianza kujengwa mwaka 1973, na kufikia 1977 lilikuwa likihudumia watu zaidi ya 1,000 kwenye mashine kadhaa. Aliyeketi mbele ya terminali aliona alama ya kusubiri amri tu, bila kujua ni mashine ipi inayomjibu. PWB ndiyo iliyoleta amri ya uname, na nyuma yake mwito wa mfumo wenye jina hilohilo. Programu inakiuliza kiini swali moja, nacho kinajibu kwa mkupuo: jina la mfumo, toleo lake, jina la mashine na aina ya vifaa vyake.

Huko Berkeley, Chuo Kikuu cha California kiliongeza amri ya uptime katika 3BSD, mwishoni mwa 1979. Hii ilieleza mashine imewaka kwa muda gani, ina watumiaji wangapi, na wastani wa kazi zilizokuwa zikidai kichakataji katika vipindi vitatu vilivyopita. Msimamizi wa mashine iliyoshirikiwa na makumi ya wanafunzi aliweza kujua kwa mstari mmoja kama kompyuta imeelemewa.

Lakini swali la uname lilikuwa jepesi kwa sababu kiini kilikuwa na jibu lililotayarishwa. Kwa maswali mengi mengine hapakuwa na jibu la namna hiyo. Amri ya ps, inayoorodhesha michakato inayoendelea, ilifanya kazi kama mgeni anayeingia ghalani na kupekua magunia badala ya kumwuliza mwenye nyumba. Ilisoma kwanza faili la kiini lililokuwa diskini ili kujua kila jedwali limewekwa wapi kwenye kumbukumbu, kisha ikafungua /dev/kmem, yaani kumbukumbu ya kiini yenyewe, na kuchota baiti kutoka hapo.

Njia hiyo ilikuwa na hasara tatu. Kumbukumbu ya kiini ina siri za watumiaji wote, kwa hiyo ps ililazimika kupewa ruhusa za pekee, na kosa dogo ndani yake lingeweza kufungua mlango kwa mhalifu. Pili, majedwali yalibadilika wakati yakisomwa, hivyo picha iliyopatikana ingeweza kuwa na sehemu zisizolingana. Tatu, mpangilio wa majedwali ukibadilika katika toleo jipya la kiini, ps ya jana ilitoa upuuzi mpaka ijengwe upya.

Mwaka 1984 ulileta mambo mawili yenye maana katika historia hii. William LeFebvre, akiwa Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, aliandika top, programu inayoonyesha michakato inayokula kichakataji zaidi na kujihuisha kila baada ya sekunde chache. Wazo alilipata kwenye mfumo wa VMS. Kwa kuwa kila aina ya Unix iliweka majedwali yake kivyake, top ilihitaji kipande maalumu cha msimbo kwa kila mfumo iliohamia.

Mwezi Juni mwaka huohuo, katika mkutano wa USENIX mjini Salt Lake City, T. J. Killian wa maabara ya Bell alieleza njia nyingine. Katika Unix ya toleo la nane, kila mchakato ulionekana kama faili ndani ya saraka ya /proc, na jina la faili lilikuwa namba ya mchakato. Shabaha kubwa ilikuwa kuwasaidia wanaotafuta makosa katika programu, ila matokeo yake yalikwenda mbali zaidi. Kuanzia hapo, habari za mchakato zililindwa kwa ruhusa zilezile zinazolinda faili lolote, na zilisomwa kwa miito ileile ya kufungua, kusoma na kufunga. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kujibu.

Linux, iliyotangazwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilipita njia hiyohiyo kwa haraka. Ps yake ya kwanza iliandikwa na Branko Lankester, na ilisoma kumbukumbu ya kiini. Kisha /proc ikaingia Linux mwaka 1992, na Michael K. Johnson akaiandika upya ps ili iitegemee. Linux ilikwenda hatua moja mbele kwa kuweka ndani ya /proc habari za mashine nzima, tena kwa maandishi ya kawaida. Faili la /proc/uptime lina namba mbili tu, ya kwanza ikiwa ni sekunde tangu mashine iwashwe. /proc/cpuinfo inaeleza vichakataji, na /proc/meminfo inaeleza kumbukumbu. Hakuna hata moja lililoandikwa diskini. Kiini hutunga maandishi hayo pale yanaposomwa.

Kumbukumbu ndiyo iliyoleta ugumu mkubwa. Linux haiachi kumbukumbu ikae bure: huitumia kuhifadhi nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na kuiachia programu zikihitaji. Kwa miaka mingi programu zilikadiria nafasi iliyopo kwa kujumlisha kumbukumbu tupu na ile ya nakala. Hesabu hiyo ilizidi kupotoka, kwa maana ndani ya fungu la nakala mna pia kumbukumbu inayoshirikiwa na michakato na isiyoweza kuachiliwa. Mwaka 2014, katika Linux 3.14, kiini kikaanza kutoa chenyewe mstari wa MemAvailable. Anayeandika programu nyepesi leo hushawishika kutumia mwito wa sysinfo, ambao kwa mara moja hutoa kumbukumbu yote, iliyo tupu na muda wa kuwaka. Mwito huo hautaji kumbukumbu ya nakala. Anayeutegemea peke yake ataiambia dunia kwamba mashine imejaa ilhali ina nafasi tele, na kasi ya jibu la uongo haina faida kwa mtu yeyote.

Jina la mfumo nalo lilikuwa na mkanganyiko wake. Wasambazaji wa Linux walitofautiana: Debian iliandika toleo lake kwenye faili moja, Red Hat kwenye jingine, SUSE kwenye lake. Amri ya lsb_release ilikuja kuwaunganisha, ila katika Debian na Ubuntu ilikuwa imeandikwa kwa Python kwa miaka mingi, hivyo kupata neno moja kuliwasha mfasiri mzima wa lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mradi wa systemd ulipendekeza faili fupi, /etc/os-release, na mifumo mingi ikalikubali.

Wakati huo watumiaji wa Linux walikuwa wamekwisha kupenda kuonyeshana mashine zao kwa picha za skrini, nembo ya mfumo ikiwa imechorwa kwa herufi kando ya habari. screenFetch ilianza mwaka 2010 kwa lugha ya Bash. Mwishoni mwa 2015 Dylan Araps akatoa Neofetch, nayo ya Bash, ambayo hatimaye ilitambua mifumo karibu 150. Uwezo huo ulikuwa na gharama. Kila skripti inapoita amri ya nje kama grep au awk, kiini lazima kianzishe mchakato mpya, kipakie programu, kisha kiisafishe. Ukifanya hivyo mara nyingi, mtumiaji anaanza kuona anasubiri. Araps mwenyewe baadaye aliandika pfetch, iliyo ndogo zaidi na inayokwepa amri za nje inapowezekana. Mwaka 2021 ikaanza fastfetch, iliyoandikwa kwa C, inayokiuliza kiini moja kwa moja. Neofetch ilifungwa rasmi Aprili 2024, Araps akiacha taarifa kwamba ameingia kwenye kilimo.

Anayejenga programu kama hiyo leo amerithi njia iliyosafishwa. Anaita uname, anasoma os-release na meminfo, anasoma uptime, anapanga majibu yote kwenye kumbukumbu na kuyatoa kwa mwito mmoja wa kuandika. Kisha anaendesha strace, inayoorodhesha kila mwito uliofanyika, na kufuta usiohitajika: maktaba inayopakiwa bure, faili linalofunguliwa mara mbili. Uamuzi mgumu huja kwenye maswali yasiyo na mtu aliyeyatayarishia jibu. Idadi ya vifurushi vilivyosakinishwa ni mfano mzuri, maana kwenye Debian hupatikana kwa kupitia /var/lib/dpkg/status, faili refu, na kwenye Arch kwa kuhesabu saraka za /var/lib/pacman/local. Mjenzi mwaminifu hupima gharama ya kila mstari na kuacha ule usiostahili. Na pale anapoona watu wengi wanakadiria jambo lilelile kwa kubahatisha, msaada mkubwa anaoweza kutoa ni kulipeleka ombi kwa wanaotunza kiini, ili jibu litoke kwa mwenye nalo.